Kibaba cha Mtoto Mmoja

Masista walimfundisha Epifania Kidachi kwa kasha la mbao na mawe ya mtoni. Jiwe liko juu ya kasha. Jiwe liko ndani ya kasha. Jiwe liko chini ya kasha, nyuma ya kasha, mbele ya kasha. Baadaye likaja somo la hesabu: mawe mangapi? Kisha somo la saa, ambalo lilimsumbua kuliko yote, kwa kuwa saa ya ukutani ya masista ilianza kuhesabu usiku wa manane, wakati ambao mtu mwenye akili zake amelala. Alilia sana kwa somo lile. Lakini alikuwa na kichwa chepesi, na kabla ya miaka miwili kwisha, sista akiuliza wangapi, lini, wapi, Epifania alijibu bila kusita.

Aliyeyapenda maswali hayo alikuwa sista. Epifania alipenda chakula cha misheni, na tusimcheke kwa hilo, maana alikotoka hakukuwa kuzuri. Alizaliwa Myao wa upande wa Tunduru, jina lake Mwanaheri. Siku moja yeye na mwenzake Zabibu walikuwa shambani wakifukuza ndege kwenye mtama, wakatokewa na vijana wa Kingoni wenye ngao na mikuki. Walifungwa kamba moja. Wakafikishwa Mshangano, wakalelewa katika nyumba moja kama mateka, wakilala mkeka mmoja na kupigwa kwa fimbo moja. Tangu hapo wakawa wanaitana mlongo wangu, yaani ndugu yangu, ingawa hawakuzaliwa tumbo moja. Kisha msafara wa biashara ukapita, bwana wao akataka bunduki, na Mwanaheri akauzwa pwani. Zabibu akabaki.

Huko pwani wamisheni walimkomboa, wakambatiza, wakamwita Epifania. Wamisheni hao walipofunga safari kuja Ungoni kufungua kituo chao, walimchukua awe mkalimani na mwalimu wa wanawake. Akarudi Songea akiwa amevaa gauni, na watu wa Mshangano wakatoka kumtazama. Zabibu alikuwa ameshaolewa na mwanamume wa Kingoni, mtu mpole kwa kweli, na nyumba yake ilijaa watoto. Epifania aliwaona, akawapakata mmoja mmoja. Walikuwa wanne. Hakusema kuwa ni wanne, kwa sababu alikuwa bado anakumbuka alikolelewa.

Kwao mtoto aliye hai hahesabiwi. Ukimhesabu umemwonyesha kwa kifo. Mama akiulizwa ana watoto wangapi, hujibu kwamba wapo. Akibanwa sana, husema mmoja, na kila mtu aliyekaa pale anajua maana yake ni kwamba asiulizwe tena. Marehemu ndio wanaohesabiwa, maana kwao hakuna tena cha kuogopa. Mwulize bibi kizee yeyote amezika wangapi, atakutajia papo hapo, na majina juu yake. Masista waliposikia habari hizi walisema ni ushirikina, na Epifania akaitikia kwamba ni ushirikina kweli. Alikuwa mwepesi wa kuitikia.

Halafu vikaja vita. Watu walipewa dawa ya maji, wakaambiwa risasi zitageuka matone, na wakaenda kuzikabili bunduki za boma. Misheni ikachomwa moto. Epifania alijificha milimani Matogoro kwenye miti, akala mizizi, akarudi chini moshi ulipopungua. Mapigano yenyewe hayakuchukua muda mrefu. Kilichochukua muda ni yale yaliyofuata: askari wa Wadachi wakapita kijiji kwa kijiji wakichoma maghala, wakivuna mashamba yasiyo yao na kuteketeza yale waliyoshindwa kuvuna. Mtu aliyepanga jambo hilo alilipanga akiwa ameshiba, akijua anachofanya. Ndivyo njaa ilivyoingia Songea, na haikuingia kwa kukosa mvua.

Wamisheni waliporudi na kujenga upya, Bruda Rupert alikabidhiwa ghala. Alikuwa Mdachi mwembamba, mkavu wa maneno, fundi seremala kwa kazi yake, na simsingizii ubaya asiokuwa nao. Alikula kidogo kama watu wengine. Mtama uliletwa na wapagazi kutoka upande wa Ziwa Nyasa, nao haukutosha, na Bruda aliamini kwamba kisichotosha kinaweza kugawanywa vizuri kikipimwa sawasawa. Basi akaweka utaratibu wake: kila Jumamosi mama apewe kibaba kimoja chake na kibaba kimoja kwa kila mtoto.

Watoto wenyewe hawakuweza kuletwa. Wengi hawakuwa na miguu ya kutembea tena, na wengine walikuwa wamefichwa huko milimani pamoja na baba zao, ambao boma lilikuwa bado linawatafuta. Kwa hiyo Bruda alitegemea mdomo wa mama, na mdomo wa mama ulimfikia kupitia kwa Epifania. Alisimama mlangoni pa ghala na maswali yake matatu ya kasha na mawe. Una watoto wangapi? Wako wapi? Utarudi lini? Hilo la mwisho ndilo lililokuwa rahisi, kwa sababu mama alinyoosha mkono kuelekea mahali jua litakapokuwa, na Epifania akaugeuza ule mkono kuwa saa ya Bruda. La wapi lilijibiwa kwa kutikisa kichwa tu, na hakuna aliyelaumiwa. La wangapi ndilo lililoua.

Wote walisema mmoja.

Wiki za mwanzo Epifania alitumia akili. Mama alisema mmoja, yeye akamtazama matiti, akamtazama mgongo, akakumbuka aliyoyasikia kisimani, kisha akamgeukia Bruda na kusema watatu, au watano. Hakuona kuwa anadanganya. Aliona kuwa anatafsiri. Mambo yakaenda hivyo mpaka siku alipofika mwanamke wa Ruhuwiko, akasema mmoja, Epifania akasema wanne. Bruda, ambaye kwa miezi ile alikuwa amejifunza Kiswahili cha kuokoteza, akamsogelea yule mwanamke na kumwuliza mwenyewe, watoto ngapi, huku ameinua vidole. Mwanamke akainua kidole kimoja.

Bruda hakufoka. Alimwambia Epifania kwa sauti ya chini kwamba kila kibaba alichokiongeza kimetoka mdomoni mwa mtoto mwingine, na kwamba akirudia tena nafasi yake atapewa Tadei. Tadei alikuwa katekista kijana wa kutoka pwani, mwenye Kidachi cha kutosha na dharau ya kutosha, aliyewaita watu wa Ungoni washenzi hata wakiwa wamesimama mbele yake. Epifania alijaribu kueleza ile desturi. Bruda alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba hawezi kupima mtama kwa desturi.

Tangu siku hiyo Epifania akawa anatafsiri alichoambiwa, basi. Mmoja akawa mmoja. Alijiambia kuwa akiondolewa, wanawake watabaki na Tadei na watakuwa wamepata hasara kubwa zaidi. Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine, ambayo hakujiambia, ni kwamba mkalimani alikula jikoni kwa masista, na nje ya jiko lile watu walikuwa wanachemsha ngozi za viti vyao.

Zabibu alikuja mvua za kwanza zilipoanza. Epifania hakumtambua mara moja, alimjua kwa mwendo. Alitoka Mshangano peke yake, amejifunga gome la mti kiunoni, akasimama kwenye mstari na wengine. Mume wake hakuwapo tena. Alikamatwa pamoja na wanaume wengi akapelekwa bomani, na habari iliyomfikia Epifania ni kwamba walipangwa, wakahesabiwa, wakanyongwa.

Zamu yake ilipofika, Epifania alimwuliza kwa Kiyao, lugha ambayo Bruda hakuielewa hata neno. Zabibu akajibu kwamba wapo. Epifania akamwambia kuwa hapa lazima itajwe idadi. Zabibu akasema mmoja.

Epifania akamsihi. Alimweleza kuhusu vibaba, kuhusu yule mwanamke wa Ruhuwiko, kuhusu macho ya Bruda yaliyokuwa mgongoni pake wakati ule ule. Akamwambia hapa hakuna ubaya, huku kuhesabu ni kwa ajili ya chakula tu.

"Mume wangu alihesabiwa," Zabibu akasema. "Waliohesabiwa siku ile bomani hakuna aliyerudi. Na wewe, mlongo wangu, unataka nikupangie wanangu mstari?"

Mstari wa watu nyuma ulikuwa mrefu. Bruda akakohoa. Epifania akageuka na kusema kwa Kidachi sanifu kabisa: mmoja. Bruda akapima vibaba viwili, cha mama na cha mtoto, akavimimina katika kikapu cha Zabibu, naye akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile. Epifania alimpa sehemu ya chakula chake, akakifunga kwenye jani na kumpenyezea ukutani. Siku nyingine hakumpa, kwa sababu alikila njiani kabla hajafika ukutani. Aliona aibu, na wiki iliyofuata akakila tena.

Hapo akapata wazo, na kwa siku kadhaa wazo lile lilimpa raha. Zabibu aliogopa kuhesabu kwa lugha yao. Basi ahesabu kwa Kidachi. Maneno ya Kidachi hayakuwa ya kwao, hayakuwa na mizizi hapa, na chochote kile kinachosikiliza akina mama wakitaja watoto wao kisingeweza kuyaelewa. Akamketisha nyuma ya ghala baada ya ugawaji, akaokota mawe, akaanza kumfundisha kama alivyofundishwa. Hili ni jiwe moja. Haya ni mawili.

Zabibu alimtazama akipanga mawe, kisha akayataja mwenyewe kwa Kidachi, moja, mbili, tatu, nne, na kuendelea mbele kwa matamshi makali ya kijeshi ambayo Epifania hakuwahi kuyasikia kwa masista. Epifania akashangaa. Akamwuliza ni nani aliyemfundisha.

"Nilikuwa nje ya boma siku ile," Zabibu akasema. "Bwana mkubwa alikuwa akihesabu kwa sauti. Kila akitaja, mmoja anapandishwa. Nilisikia mpaka mwisho."

Epifania akayakusanya mawe. Baadaye, kwa sababu hakuwa na wazo jingine, alirudi kwenye lile lile. Akamwambia, kwa hiyo unazijua tayari, Jumamosi zitaje tu, usiwafikirie watoto, fikiria mawe, mimi nitamalizia. Kifo hakijui Kidachi, akamwambia. Zabibu alimwangalia, na katika macho yake Epifania aliona kitu kilichomkumbusha ule mkeka wao mmoja, namna mtu mzima anavyomwangalia mdogo wake anayesema upuuzi. Akajibu kwamba kifo kilikuja na hicho Kidachi.

Jumamosi akasema mmoja. Ile iliyofuata akasema mmoja. Mvua zikawa nyingi, mito ikajaa, na watu waliotoka Mshangano wakawa wanafika wamelowa mpaka mifupani, wakati mifupa ndiyo iliyokuwa imebaki. Epifania angeweza kwenda huko kuwaona watoto. Hakwenda. Alisema kazi ni nyingi, na kweli kazi zilikuwepo, lakini alichokwepa ni kuwaona kisha kurudi kusimama mlangoni pale na kusema lile neno lake. Jumamosi mbili Zabibu hakutokea. Epifania alimtafuta kwenye mstari, akajiambia ni mito.

Alipotokea, mvua ilikuwa imetulia na jua lilikuwa limepanda. Alikuja taratibu, akiwa na kikapu chake. Epifania alifurahi sana kumwona, furaha ya kweli, hata akaanza kumsemesha kabla hajafika mlangoni. Bruda alikuwa amesimama hatua chache nyuma, kibaba mkononi. Epifania akauliza kama kawaida: una watoto wangapi?

Zabibu hakumtazama yeye. Alimtazama Bruda moja kwa moja, akanyoosha kidole gumba, kisha cha pili, kisha cha tatu, na kwa kila kidole akataja namba kwa Kidachi, kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa mstari. Moja. Mbili. Tatu. Mmoja wa wanawake waliokuwa nyuma yake akaziba mdomo.

Bruda alikunja uso kwa mshangao, kisha ukakunjuka. Hakuwa mtu wa kucheka, lakini siku hiyo alicheka kidogo, akamwambia Epifania kwamba hatimaye kuna mmoja aliyejifunza. Akainama kuchota mtama. Epifania alikuwa anafikiri kwamba mawe yale hayakupotea bure, kwamba wiki ijayo na wengine watahesabu, kwamba labda na yule wa nne angetajwa siku nyingine. Bruda, huku akichota, akamkumbusha swali la pili: wako wapi?

Epifania akauliza. Zabibu akajibu kwa Kiyao, pole pole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Nyuma ya nyumba. Nimewazika mwenyewe, wawili pamoja, na mkubwa pembeni. Sasa wanahesabika. Mwambie nimehesabu kama alivyotaka."

Nyuma ya Epifania kibaba kilikuwa kinakwaruza sakafu ya ghala. Wanawake wote waliokuwa kwenye mstari walielewa tangu kidole cha kwanza. Yeye peke yake, aliyelelewa kwenye desturi ile na kuijua kabla ya kumjua Kristo, alikuwa amesimama pale akifurahia hesabu. Akamtazama Zabibu, akataka kuuliza kuhusu yule aliyebaki, kama yupo, kama anakula. Swali likafika mdomoni. Hakuliuliza. Zabibu aliona kwamba hakuliuliza, na uso wake ukalegea kidogo.

"Wako wapi?" Bruda akarudia.

"Nyumbani," Epifania akasema kwa Kidachi.

Bruda akaja na mtama. Vibaba vinne, cha mama na vitatu vya watoto, akavimimina kikapuni kwa uangalifu asimwage hata punje. Alikuwa ameridhika, na mtu aliyeridhika hupenda kufundisha. Akamwambia Epifania amweleze mama huyu kwamba angesema hivi tangu mwanzo, angepata hivi tangu mwanzo.

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu awe mkalimani, Epifania alishikwa na sentensi akashindwa kuivusha. Maneno yake yote aliyajua. Yalikuwa mepesi, ya somo la mwaka wa kwanza. Machozi yakaja badala yake. Alimchukia Bruda kwa moyo wake wote, akajichukia zaidi, kwa sababu Bruda hakujua.

"Anasemaje?" Zabibu akauliza.

"Anasema uende salama."

Zabibu akajitwika kikapu. Hakusema kwaheri, wala Epifania hakutegemea. Aliyefuata alikuwa mwanamke kijana wa Matogoro, kitambaa kichwani, mgongo mtupu, matiti yamenyauka. Epifania akafuta uso kwa kiganja, akamwuliza ana watoto wangapi. Mwanamke akainamisha kichwa, akasema mmoja.

Epifania akamgeukia Bruda. Akasema watano.

Siku ile Bruda alipima vibaba sita, na kwa aliyefuata akapima vitano, na vingine hivyo hivyo mpaka jua likaanza kushuka, kwa kuwa hakutaka kugombana mbele ya watu. Jumatatu akamwita. Hakumpigia kelele safari hii pia. Epifania akaondolewa ghalani, akapelekwa kuponda matope ya matofali ya kanisa jipya, na chakula cha jikoni kikakoma.

Mlangoni akasimama Tadei. Alikuwa mtu makini. Kila mama aliyesema mmoja, alimtafsiri mmoja.